Pilipili ya Kariakoo na Miti ya Serengeti

Harufu ya karafuu, mdalasini na iliki inayokupokea kwenye vibanda vya viungo Kariakoo haikuumbwa kwa ajili ya pilau. Mmea hauwezi kumkimbia anayeutafuna, hivyo hujihami kwa kemikali. Mafuta ya karafuu huwasumbua wadudu na kuvu. Pilipili ni mjanja zaidi: ukali wake humchoma panya, ambaye meno yake yangesaga mbegu, lakini ndege hausikii kabisa. Ndege humeza tunda, akaruka, akazidondosha mbegu mbali zikiwa nzima.

Nyasi hazina ukali wa aina hiyo. Zenyewe hukulia chini, karibu na udongo, kwa hiyo mnyama akila ncha, jani linaendelea kurefuka kutoka shinani. Mche wa mti huchipukia kileleni. Ukiumwa kila mara, unadumaa. Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia kwamba wanyama wakiongezeka, miti itapungua. Serengeti ilionyesha kinyume.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, ilifyeka ng'ombe wa Wamaasai, na nyati na nyumbu pia. Kwa miongo kadhaa iliyofuata virusi viliendelea kuua ndama wa nyumbu. Kisha ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakachanjwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka porini, ingawa nyumbu wenyewe hawakuchomwa sindano hata moja: walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Kutoka takriban 250,000 mwaka 1961, walifika zaidi ya milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970.

Midomo yote hiyo ilikula nyasi ambazo zamani zilikauka na kuwa kuni za moto wa kiangazi. Moto ukapungua, na miche ya migunga, ambayo nyumbu haijali sana, ikapata miaka ya kutosha kurefuka. Tembo na twiga wanaila, ndiyo, na tembo huangusha hata mti mzima. Lakini kwa mche mchanga adui mkubwa alikuwa moto.

Kwa hiyo ukifika Serengeti ukaona migunga imesongamana, usiwasifu askari wa hifadhi peke yao. Sehemu ya sifa ni ya wachanja ng'ombe.