Mwalimu wa Saza anapoidai halmashauri, anayekosa kipindi ni mwanao

Mzazi wa Saza ukimuuliza kinachomkera shuleni, atakutajia madawati, mchango wa uji na walimu wanaohama. Hayo mawili ya kwanza tunayazungumza kila kikao. La tatu tunalimaliza kwa kusema walimu wa siku hizi hawana wito, kisha tunaondoka.

Kabla ya kumlaumu, tuangalie mahali penyewe. Saza ni kata ya Wilaya ya Songwe, ile iliyomegwa kutoka Chunya. Makao makuu ya wilaya yako Mkwajuni, na mtu anayetoka Mbeya hupita Mbalizi na Galula ndipo afike huko. Dhahabu imechimbwa hapa tangu wakati wa mkoloni. Palipo na wachimbaji pana pesa ya haraka, na palipo na pesa ya haraka chumba cha kupanga na sahani ya wali havikai bei moja. Mshahara wa mwalimu haujui habari hizo. Anayefundisha Saza na mwenzake wa daraja hilohilo aliyeko Vwawa mjini wanalipwa sawa.

Pesa hiyohiyo ya haraka inamwita mwanafunzi pia. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Chunya, ambayo wakati huo eneo letu lilikuwa ndani yake, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu zilizochunguzwa. Mwalimu anayemfahamu mtoto kwa miaka mitatu ataona mapema kwamba Jumatatu hayupo tena. Aliyeripoti mwezi uliopita hawezi kuona hilo.

Sasa tuje kwenye Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilichoanzishwa Novemba 1, 1993. Wazazi wengi tunakifahamu kwa mambo mawili tu, mgomo na fulana za Mei Mosi. Kazi yake kubwa haionekani kwa macho, nayo ni kudai vitu ambavyo tayari ni haki ya mwalimu kwenye karatasi lakini havijalipwa.

Mwalimu akihamishwa na mwajiri, anastahili nauli, gharama za kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Kila baada ya miaka miwili anastahili kulipiwa nauli ya likizo. Mwajiri wake ni halmashauri, na halmashauri isipokuwa na fedha, madai yanaingia kwenye orodha na kusubiri. Mwalimu aliyehamishiwa Saza hasubiri. Amekwisha kulipa gari la mizigo kwa pesa ya mkopo, na mkopo unakatwa kila mwezi.

Halafu kuna madaraja. Mwalimu anapandishwa, barua anayo mkononi, lakini mshahara mpya hauingii kwenye mfumo hadi mwaka mwingine. Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa malimbikizo. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira na upandishaji wa madaraja ili ihakiki watumishi hewa. Uhakiki ulikuwa na sababu, watumishi hewa walikuwepo. Lakini mwalimu halali naye alikwama pale alipokuwa, na kwa kuwa pensheni inakokotolewa kwa mishahara ya miaka ya mwisho ya kazi, aliyekaribia kustaafu alikwenda na hasara hiyo mpaka nyumbani.

Mgomo unaokumbukwa zaidi ulianza Julai 30, 2012. CWT, chini ya rais wake Gratian Mukoba, kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Shule nyingi zilisimama. Sehemu mbalimbali nchini wanafunzi waliokuta madarasa hayana mwalimu waliingia barabarani. Agosti 2, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi iliamuru mgomo usitishwe, na walimu wakarudi darasani bila walichokidai.

Kwa maoni yangu, chama kilikosea kupanga madai yake siku zile. Asilimia 100 ndiyo iliyobebwa na magazeti, na ndiyo iliyowafanya wazazi waone walimu wana tamaa. Dai la maana kuliko yote kwa mahali kama Saza lilikuwa lile la mwisho, posho ya mazingira magumu, nalo likafunikwa na kelele za asilimia 100. Limeendelea kurudi, bungeni na kwenye mikutano ya chama, lakini halijawahi kubebwa kama jambo la mtoto wa kijijini. Limebaki kuwa jambo la mfuko wa mwalimu.

Yapo yaliyopatikana tangu hapo, mengine kwa shinikizo la vyama vyote vya wafanyakazi chini ya TUCTA. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kiliongezwa kwa asilimia 23.3. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima hicho kipande kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai. Hapa mwenye duka anayemkopesha mwalimu asikilize vizuri: hicho ni kima cha chini. Haina maana kila mwalimu aliongezewa asilimia 35, kwa hiyo usipandishe bei ya sukari kwa sababu ya taarifa ya habari. Suala la kikokotoo nalo lilipiganiwa kwa miaka, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha malipo ya mkupuo kwa watumishi wanaostaafu kutoka asilimia 33 hadi 40.

Walimu wenyewe hawakisifii chama chao moja kwa moja. Makato ni asilimia 2 ya mshahara. Mwenye mshahara wa Sh600,000 anakatwa Sh12,000 kila mwezi, na sheria ya ajira inaruhusu hata asiye mwanachama kukatwa ada ya uwakala pale chama kinapokuwa na wanachama wengi zaidi mahali pa kazi. Manung'uniko ya aina hiyo yamewapeleka baadhi kwenye chama kingine, CHAKUHAWATA. Mwalimu wa Saza ana haki ya kuuliza Sh12,000 zake zimemfuatilia nini Mkwajuni mwaka huu.

Mzazi naye ana la kuuliza, maana dhahabu inayotoka ardhini kwetu inaacha kitu. Kampuni za uchimbaji hulipa halmashauri ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa mauzo. Tena Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Nyumba za walimu zinaweza kuingia kwenye mpango huo. Nyumba ya vyumba viwili karibu na shule, yenye maji, inaweza kumshikilia mwalimu kuliko hotuba kumi kuhusu uzalendo, na haihitaji kusubiri posho ipitishwe Dodoma.

Mambo haya hupita kwa diwani, kwenye baraza la madiwani. Kwenye mkutano ujao wa kijiji muulizeni walimu wa kata yetu wanaidai halmashauri kiasi gani, wangapi wamehama tangu Januari na nafasi zao zimejazwa na nani, na katika mpango wa mwaka huu wa kampuni za madini kuna nyumba ngapi za walimu. Msikubali jibu la "tunalifanyia kazi". Ombeni tarakimu, na katibu aziandike kwenye muhtasari ili mkutano unaofuata zisomwe tena.

Mwalimu mwenyewe atakuwa amekaa nyuma, kimya. Ni mtumishi, na mwajiri wake ndiye anayezungumzwa. Wewe halmashauri haiwezi kukuandikia barua ya kujieleza.