Habari ya Simu, Jibu la Sokoni

Julai 28, 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Nairobi iliichukua kama tusi kwa taifa. Mitandaoni Wakenya walidai kisasi, Watanzania wakajibu kwa kejeli, na mawaziri wa pande zote mbili wakatafutwa watoe kauli. Taveta, mji wa mpakani upande wa Kenya, iliisoma karatasi ileile kwa macho mengine. Watu walienda moja kwa moja kwenye kipengele cha kununua mazao shambani, kisha cha uwakala wa fedha za simu, kisha cha ufundi wa simu, na kila mmoja akahesabu kimoyomoyo ni ndugu yupi ameguswa.

Mji wenyewe unaeleza sababu. Uko chini ya Kilimanjaro, mwendo wa kilomita kama 110 kutoka Voi, na ng'ambo ya kituo cha pamoja cha mpakani ndipo Holili, Tanzania. Soko kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Ndizi zinazomwagiliwa maji ya chemchemi za Njoro hupakiwa kwenye malori ya Mombasa na Nairobi, na kutoka Tanzania huingia vitunguu, nyanya, machungwa, maharage na mahindi. Shilingi za aina mbili hukaa kibindo kimoja. Mtu wa Taveta ana shemeji Mwanga na wajomba Rombo, upande wa Tanzania, na matanga yakitokea upande mmoja, wa upande wa pili huvuka, wengine kwa pasi ya muda, wengine kwa njia za panya zilizokuwapo kabla ya pasi.

Ndiyo maana, kwa jambo linalogusa mpaka, desturi ya hapa ni kutojibu papo hapo. Vijana hutupa vikatuni na vicheko, hilo halikosekani. Ila mwenye biashara huisoma habari, huifunga simu, akangoja siku ya soko. Huwezi kumtukana Jumatatu mtu ambaye Jumatano atakukopesha magunia matatu ya vitunguu. Na siku ya soko ikifika, jambo hutajwa kwa utani kwanza.

"Dada, nasikia mmetufukuza."

"Waliokufukuza wako Dodoma. Mimi niko hapa. Unachukua ngapi?"

Maneno ya namna hii mgeni angeyaona mepesi. Kwa wenyeji ni mazungumzo mazito: kila mmoja amemhakikishia mwenzake kwamba ugomvi wa serikali hawajaubeba. Baada ya hapo ndipo mambo ya kweli huzungumzwa pembeni, kwa sauti ya chini. Nani sasa ataenda shambani, ikiwa mnunuzi Mkenya haruhusiwi? Faini ni shilingi milioni 10 za Tanzania kwenda juu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Shemeji Mtanzania huwa jibu. Mkataba wao hauandikwi popote, wala hautajwi kwenye kundi la WhatsApp hata la wanandugu.

Wazee wa soko nao wana kumbukumbu ndefu kuliko simu. Machi 2021 Kenya ndiyo iliyozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, na siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti. Kijana akianza kulaani Tanzania, hukumbushwa malori yaliyokwama upande wa pili mwaka ule. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi Julai 2010 kwenye karatasi. Taveta ilikuwa nalo kabla, na bado inalo kila serikali inapolisahau.

Kusikiliza kwanza, kusema baadaye, ni tabia ya zamani ya mahali hapa. Karne ya 19 Wataveta waliishi ndani ya msitu wa mto Lumi, na misafara kutoka Mombasa na Pangani ilipiga kambi hapo kabla ya kuingia nchi ya Wamasai. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, alipumzika Taveta mwaka 1883, na shanga alizobeba ikabidi zitungwe upya kwa namna ambayo Wamasai wangeikubali. Nikiufikiria msafara ule, naona kwamba habari ya shanga zipi zinatakiwa kule mbele ilikuwa na thamani kuliko shanga zenyewe. Aliyeropoka alipoteza bei. Miaka mitatu baadaye Waingereza na Wajerumani walichora mstari uliowapa Wajerumani Kilimanjaro na kuiacha Taveta kwa Waingereza, na watu wa hapa wakaanza kujifunza kuishi na serikali mbili.

Wataveta walikuwa pia na marika, na juu yao baraza la wazee. Rika lilikupa nafasi ya kusema. Nenda leo kwenye kundi la ukoo katika simu uone: msimamizi huwa kijana, kwa kuwa ndiye ajuaye kubonyeza, lakini hamwondoi mtu kabla ya kumpigia mzee fulani. Likitokea jambo zito, kundi hukaa kimya mpaka mkubwa aseme, mara nyingi kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne wenye kuku na pikipiki ndani yake. Akishanena, wadogo huweka alama za mikono iliyofumbatana, basi. Kundi la matanga ni la matanga: mchango, jina, kiasi, salio. Anayetupia humo video ya mwanasiasa huonywa mara moja, na onyo hilo hutolewa bila kuangalia chama chake.

Sitaki kuipamba desturi hii. Ukimya wa adabu na ukimya wa woga hukaa kiti kimoja, na wanaonyamazishwa zaidi ni vijana na wanawake. Juni 2024 vijana walisikika. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kupandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 15 hadi 20. Mji ambao karibu kila malipo ya ndizi hupita kwenye simu haukuhitaji mchumi wa kuufafanulia. Vijana Kenya nzima waliuchambua muswada kwa TikTok na X, wengine kwa lugha za nyumbani kwao, wakiwaambia wazazi wasichoambiwa na wabunge. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi. Siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatautia saini. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Sidhani kama mada nyingine ingeweza kushindana na hiyo mbele ya mafungu ya nyanya, na kwa mara moja mdogo ndiye aliyekuwa akiulizwa na mkubwa.

Nafasi ile haikudumu jinsi vijana walivyotaka. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi Nairobi, baada ya kukamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi. Tangu hapo mama wa Taveta anayemwambia mwanawe "futa hiyo" ana hoja. Awali tulizoea kuwahurumia wa ng'ambo kwa Sheria yao ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Huruma hiyo imepungua kiburi.

Jumatano nyingine ni Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania. X ilikuwa imezuiwa huko tangu Mei, na siku ile intaneti yenyewe ikakatwa kwa siku kadhaa. Hapa mpakani mtandao wa simu haujui kituo cha forodha: ukitembea Taveta simu hukukaribisha Tanzania ungali nyumbani, na laini ya Kenya hushika hatua kadhaa ndani ya Holili. Kwa kawaida jambo hilo ni kero ya bando. Wiki ile, kuwa na laini ya pili lilikuwa jambo la ukoo. Picha za maandamano na vifo zilijaa simu za Wakenya, huku wenye ndugu kule wakiwa hawajui kama ndugu hao wazima. Hapo ilionekana tofauti ya mtazamaji na jamaa. Wakenya wa mbali waliandika ushauri kwa Watanzania: simameni, songeni mbele. Aliye na dada Moshi hakuandika ushauri. Alipiga simu ya kawaida, na ilipopokelewa aliuliza watoto, mvua, bei ya mchele. Siasa haikutajwa, na wote wawili walijua simu ilihusu nini.

Kuna habari moja tu inayojibiwa hapa bila kungoja: ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya kaunti ya Taita Taveta, na picha ya migomba iliyolazwa usiku huleta matusi asubuhi kabla ya chai, kwa ndovu, kwa shirika la wanyamapori, kwa mbunge, kwa gavana. Ndovu hana shemeji upande wowote.

Sasa kuna video na sauti zinazotengenezwa na akili mnemba, na uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 haupo mbali. Zamani sauti ya mtu anayejulikana ilikuwa hati tosha. Hata mzee asiyesoma aliweza kuthibitisha ujumbe kwa sikio lake. Hilo limevunjika, na kwa maoni yangu ni pigo kubwa kwa mji unaoaminiana kwa sauti kuliko maandishi. Wenyeji wamerudi kwenye swali la misafara: nani aliyekuletea? Habari haiulizwi inasema nini mpaka ijulikane imepitia mikono ya nani. Nimeona kundi la ukoo likifuatilia video moja ya kiongozi, kutoka kwa mpwa hadi kwa jirani, kutoka kwa jirani hadi kwa fundi simu wa Voi, hadi kwa binamu aliyeko Doha, ambaye alijibu saa sita usiku kwamba naye alitumiwa tu.