UZI: "Tutajenga kituo cha waraibu kila kaunti." Sawa, lakini ulizeni haya kwanza

Hii ahadi inapigiwa makofi kila mkutano, kwa hivyo tuifungue kidogo.

Nani anafaa kujenga? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti hospitali za kaunti, leseni za pombe na hata udhibiti wa dawa za kulevya. Yaani anayekusanya ada za baa ndiye huyo huyo anafaa kutibu wanaoumia. Mgombea ubunge akikuahidi kituo, muulize kwa bajeti gani.

Sasa swali ambalo huzua kelele: "Si familia iwapeleke tu kwa nguvu?" Ndugu yako ana miaka 34. Ni mtu mzima, huwezi kumfunga kamba umpakie kwa gari. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inamhesabu mraibu aliyethibitishwa na mtaalamu kuwa mgonjwa. Ama akubali matibabu mwenyewe, ama jamaa waombe alazwe bila hiari yake, na hapo lazima mtaalamu ampime. Aibu ya ukoo si kipimo. Wengi hawajui njia hii ipo, ndiyo maana unasikia mtu amefungiwa chumbani wiki nzima "ndio aache". Hatari sana! Mnywaji wa kila siku akikatiziwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Aanzie hospitali.

Pesa nayo. Vituo vingi ni vya kibinafsi, na familia huuza ng'ombe kulipia. Jamaa akitoka anarudi mtaa ule ule, marafiki wale wale. Akiteleza, watu husema pesa zimemwagika. Lakini kurudia ni kawaida ya ugonjwa huu, kama sukari inavyopanda tena. Basi anayeahidi majengo aulizwe nani atamfuatilia mgonjwa akishafika nyumbani. (Mshauri nasaha hazinduliwi kwa kukata utepe, labda ndiyo sababu hatajwi.)

Kuna pia wanaotaja methadoni kama dawa ya kila kitu. Kliniki za umma zilianza 2014, Nairobi kisha Pwani, na ni za waraibu wa heroini. Mgonjwa hufika karibu kila siku kunywa dozi, kwa hivyo nauli nayo ni matibabu. Kwa chang'aa haisaidii.

Kama uko na mtu nyumbani leo, laini ya NACADA ni 1192, bila malipo, na jamaa anaweza kupiga hata kama mwenyewe hajakubali. Kabla ya kulipa kituo chochote, uliza kibali chao.