Kemia ya Ubongo na Shinikizo la Juu la Damu: Funzo kwa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Makala haya yanaeleza nafasi ya kemia ya ubongo katika shinikizo la juu la damu, na umuhimu wake kwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Uchunguzi wa kitaifa wa Msumbiji wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na tatizo hili. Kati yao, asilimia 14.8 tu ndio waliojijua. Tangu Oktoba 2017, mapigano yaliyoanzia Mocímboa da Praia, na baadaye shambulio la Palma la Machi 2021, yamewahamisha watu wengi makwao, wakiwamo wagonjwa wanaohitaji dawa kila siku.

Katika shina la ubongo mna kituo kinachoziamuru neva ziendazo moyoni, mishipani na figoni. Glutamati huzichochea chembe za kituo hicho, ilhali GABA huzituliza. Hofu inapoingia, uchochezi huizidi nguvu tulizo: neva hutoa noradrenalini, mishipa hujibana, moyo huenda mbio, nazo figo huzuia chumvi na kutoa renini. Renini huzalisha angiotensini, ambayo nayo huuchochea ubongo upya.

Hata hivyo, hofu ya kitambo hupandisha shinikizo kwa kitambo tu. Shinikizo la kudumu hutokana pia na urithi, chumvi, unene, umri na hali ya figo. Kwa hiyo kipimo kimoja cha mtu aliyetoka kukimbia hakithibitishi ugonjwa. Lakini pia si haki kumwambia kwamba ni mawazo tu. Apimwe tena akiwa ametulia, siku nyingine.

Kemia hiyohiyo inagusa uteuzi wa dawa. Klonidini hupunguza amri za neva kutoka ubongoni. Ikikatizwa ghafla, noradrenalini hufurika na shinikizo hupaa kwa hatari. Amlodipini hulegeza mishipa yenyewe, na nusu ya kiasi chake hubaki mwilini kwa saa 30 hadi 50, hivyo kukosa dozi moja hakuleti mshtuko wa namna hiyo. Methildopa, ambayo nayo hufanya kazi ubongoni, ingali na nafasi yake kwa wajawazito.

Tunapendekeza, basi, kwamba mahali ambapo mgonjwa aweza kulazimika kukimbia usiku mmoja, uteuzi wa dawa uzingatie pia yatakayompata asipoibeba.