Lugha ya Daftari: Mwanaethinografia kati ya Kibena na Kiswahili Mkoani Njombe

Makambako ni njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na Kiswahili ndicho huwaunganisha wageni sokoni na kituoni. Vijijini, hata hivyo, wazee wengi wa Kibena husimulia mambo ya ukoo kwa Kibena. Mwanaethinografia atokaye Makambako kwenda vijiji vya Njombe huvuka mpaka wa lugha, na daftari lake hubeba alama ya mvuko huo. Makala haya yanaeleza kwamba uteuzi wa lugha ya daftari ni sehemu ya data yenyewe.

Ubena umetafitiwa kwa muda mrefu. Marc J. Swartz alichunguza siasa za vijiji vya Wabena katika miaka ya 1960, kabla ya kuwageukia Waswahili wa Mombasa. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alieleza jinsi familia za Njombe zilivyofanywa kimbilio dhidi ya dola. Katika kazi za namna hii Kiswahili humfaa mtafiti kwa sababu ya msingi: baadhi ya tajiriba zinazosimuliwa zilipatikana kwa Kiswahili. Mwanamume wa Njombe aliyekwenda Tanga kukata mkonge aliitwa manamba, na neno hilo halihitaji tafsiri ya Kibena ili lieleweke.

Tatizo huanza katika kitenzi. Kibena, lugha ya G63 katika uainishaji wa Guthrie, hutofautisha viwango kadhaa vya wakati uliopita kwa maumbo ya kitenzi, kama inavyobainika katika sarufi ya Michelle Morrison ya mwaka 2011. Kiswahili Sanifu hutumia -li- kwa masafa yote: “alikwenda Tanga” yaweza kuwa asubuhi ya leo au enzi za Mjerumani. Kiswahili hakikosi njia ya kutofautisha, kwani kina “juzi” na “hapo kale”. Lakini vielezi hivyo ni hiari ya msemaji, ilhali katika Kibena umbali huo umo ndani ya kitenzi. Mkalimani asipoongeza kielezi, mfuatano wa matukio hupotea, na mtafiti hukisia tarehe ambazo msimulizi alikwisha kuzidokeza.

Kwa hiyo mkalimani ni mshiriki katika uundaji wa maarifa. Kitabu cha Giblin kinautaja msaada wa Blandina Kaduma Giblin. Madaftari mengi hayataji yeyote. Rekodi ya sauti, unukuzi wa Kibena, tafsiri ya Kiswahili na jina la mfasiri, iwapo ameridhia kutajwa, vinapaswa kuhifadhiwa pamoja. Bila hivyo, msomaji wa baadaye hataweza kujua kama ukimya uliomo katika maandishi ni wa mzee aliyesimulia au ni wa -li-.