Tazama Kipeo Kikubwa Kwanza

Mkulima wa ngano wa Basotu, wilayani Hanang, akikodi mashine ya kuvunia, hulipia kuletewa mashine hiyo shambani na hulipia kila ekari inayovunwa. Tuseme, kwa mfano tu, kuileta ni shilingi 300,000 na ekari ni 50,000. Akiwa na ekari x, atalipa 50,000x + 300,000, na gharama ya ekari moja ni jumla hiyo ikigawanywa kwa x. Ekari 3 zitamgharimu 150,000 kila moja. Ekari 30, 60,000. Ekari 300, 51,000. Gharama hiyo haitafikia 50,000 kamili, ingawa itazidi kuisogelea. Sababu iko kwenye digrii, yaani kipeo kikubwa cha x: kiasi, yaani sehemu ya juu, kina 1; asili, yaani ya chini, ina 1; tofauti (kiasi kutoa asili), ambayo ndiyo digrii ya sehemu nzima, ni 0. Tofauti ikiwa 0, sehemu hutulia kwenye uwiano wa namba zinazozidisha vipeo hivyo vikubwa. Ndiyo maana hata mashamba makubwa ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, yaliyolimwa Hanang kwa msaada wa Canada miaka ya 1970 na 1980, yasingeweza kufuta gharama za kila ekari, kama mafuta, kwa kuongeza ukubwa tu.

Tofauti ikiwa hasi, thamani hupungua kuelekea sifuri. Shamba la mraba huko Mbulu lenye upande wa mita n lina uzio wa 4n na eneo la n kipeo cha 2. Uzio kwa kila mita ya mraba ni 4/n, digrii −1. Ikiwa chanya, thamani hukua bila kikomo.

Wapo wanaosema digrii ya sehemu ni ile kubwa kati ya mbili. Hesabu hiyo ina matumizi yake, ila hudai kurahisisha kwanza: (x² − 9)/(x − 3) ingepewa 2, na ikirahisishwa kuwa x + 3 ingepewa 1. Tofauti ya digrii ni 1 kabla na baada, na hilo kwangu linatosha kuipendelea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba digrii huzungumzia x kubwa, na wakulima wengi wana ekari chache. Ni kweli kabisa. Chini ya ekari 6, kuileta mashine kunazidi kuvuna kwenyewe. Lakini majirani 10 wenye ekari 3 kila mmoja wakiiita kwa safari moja, watashuka kutoka 150,000 hadi 60,000 kwa ekari. Wakiongezeka hadi 100, kila ekari itapunguziwa 9,000 tu zaidi.