Padre Ratti na Milima Yake

Msomaji mpenzi, wewe unayekaa chini ya mlima, labda Kilimanjaro, labda Rungwe, labda Uluguru, kupanda hufundishwi na mtu. Unapanda kwenda shambani, unapanda kwenda kukata majani ya ng'ombe, na Jumapili unapanda tena kwenda Misa. Ukisikia kwamba wako watu wanaopanda mlima bila jembe wala panga, kwa kupenda tu, hukosi kucheka. Wanatafuta nini kule juu, na hakuna kuni wala asali?

Basi leo nataka kukusimulia habari za mtu mmoja aliyependa milima namna hiyo. Nawe humjui vibaya, maana kila mwaka unaadhimisha sikukuu ya Kristo Mfalme, na yeye ndiye aliyeiweka, mwaka 1925. Ni Baba Mtakatifu Pius XI.

Kabla hajawa Papa jina lake lilikuwa Achille Ratti. Alizaliwa tarehe 31 Mei 1857 huko Desio, karibu na mji wa Milano, kaskazini mwa Italia, akapewa upadre mwaka 1879. Tangu mwaka 1888 kazi yake ilikuwa katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milano, kuchunguza maandiko ya kale. Ni kazi ya kuketi, ya macho na vumbi. Lakini hali ya hewa ikiwa safi, mtu aliye Milano huona theluji ya milima ya Alpi ikimeremeta mbali, na Padre Ratti aliiona. Likizo ilipofika aliviacha vitabu, akavaa viatu vyenye misumari, akachukua kamba na shoka la barafu, akaenda.

Mwezi wa Julai mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 32, alikwenda kupanda Monte Rosa, mlima wenye kilele cha mita 4,634, mpakani mwa Italia na Uswisi. Hakuifuata njia nyepesi. Alitaka kupanda upande wa mashariki, juu ya kijiji cha Macugnaga, ambako mlima umesimama kama ukuta wa barafu na mwamba, urefu wake zaidi ya mita 2,000. Mahali hapo watu walipaogopa kwa haki. Miaka minane nyuma, mwaka 1881, theluji iliporomoka ikamwua mpandaji mmoja, Damiano Marinelli, pamoja na viongozi wake wawili.

Walikuwa wanne: Padre Ratti, rafiki yake Padre Luigi Grasselli, na viongozi wawili wenyeji wa milimani, Gadin na Proment. Waliondoka kibandani usiku wa manane. Usishangae, maana usiku ndipo theluji inapokuwa ngumu na mawe yameshikwa na barafu. Jua likipanda, vyote huanza kulegea na kuanguka. Walijifunga kamba moja, wakapanda mchana kutwa, kiongozi akichonga vidato katika barafu kwa shoka, hatua baada ya hatua. Jua lilipokuwa likitua ndipo walipofika juu, karibu kabisa na kilele. Upepo ulikuwa mkali na giza lilikuwa likiingia.

Sasa wafanye nini? Nadhani wewe na mimi tungesema: Tushuke upesi! Lakini kushuka gizani juu ya barafu usiyoijua ni kujiua. Walishauriana, wakakubaliana kungoja papo hapo, juu ya mwamba mwembamba, zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, bila hema wala moto. Pahali penyewe palikuwa padogo hata hawakuweza kutembea wapate joto. Waliweza kupigapiga miguu tu. Ukirudi nyuma hatua moja, chini yako ni hewa tupu mpaka kwenye barafu ya Macugnaga. Kahawa waliyoichukua iligeuka barafu. Nao walilindana wasipate kusinzia, kwa sababu katika baridi ya namna ile mtu anayesinzia huenda asiamke tena.

Baadaye Padre Ratti aliandika habari za safari hiyo kwa ajili ya wenzake wa chama cha wapanda milima cha Italia. Ukitazamia manung'uniko, huyaoni. Usiku ule anaueleza kama zawadi: mbingu safi zilizojaa nyota, kimya kikubwa, milima imewazunguka pande zote, na wao wanne katikati, wakijiona wako mbele ya utukufu wa Mungu. Kisha mapambazuko yakaja, vilele vikashika rangi kimoja baada ya kingine. Asubuhi walimalizia sehemu iliyobaki, wakasimama juu ya kilele, kisha wakateremkia upande wa pili hadi Zermatt, nchini Uswisi. Siku chache tu baadaye alipanda Matterhorn, na mwaka 1890 akapanda Mont Blanc.

(Mwaka huo huo wa 1889, tarehe 6 Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu ya Kibo. Nao pia walipata kuulizwa wanatafuta nini, nadhani.)

Tarehe 6 Februari 1922 Kardinali Ratti alichaguliwa kuwa Papa. Hapa ndipo habari hii inaponigusa mimi. Tangu majeshi ya ufalme wa Italia yalipoiteka Roma mwaka 1870, Mapapa walikataa kutoka nje ya Vatikano, wakihesabu kwamba wamenyang'anywa haki yao. Kwa hiyo yule aliyelala kwenye ukingo wa Monte Rosa aliingia katika nyumba asiyoweza kutoka. Alikuwa na bustani ya kutembea na ukuta wa kuizunguka. Ilikuwa hivyo mpaka ulipofanyika mkataba wa Laterano, tarehe 11 Februari 1929, miaka saba nzima.

Wala milima hakuisahau. Mwaka 1923, kwa barua yake, alimweka Mtakatifu Bernardo wa Menthon, aliyejenga nyumba ya kuwaokoa wasafiri kwenye njia za theluji za Alpi, awe msimamizi wa wapanda milima. Katika barua hiyo mzee yule wa miaka 66 aliusifu mchezo wake wa ujanani: alisema ni mzuri kwa mwili na kwa roho, mradi mtu asiwe na ujasiri wa kipumbavu. Neno hilo la mwisho hakulitia kwa kupamba. Ni la mtu aliyewahi kukataa kushuka gizani.

Tena mwaka 1931 iliongezwa katika kitabu cha baraka za Kanisa baraka moja mpya. Si ya nyumba, si ya mbegu, si ya ng'ombe, ambazo wewe umezizoea. Ni sala ambayo padre huisoma juu ya kamba, fimbo na mashoka ya barafu ya watu wanaokwenda kupanda mlima.